Redio ya Mawasiliano Nyumbani: Kusikiliza Kwanza, Kubonyeza Baadaye

Maelezo ya mazungumzo na wakazi kuhusu redio ya ridhaa



Kuna kifaa kidogo cheusi chenye antena fupi ya mpira ambacho siku hizi kinauzwa kwenye maduka ya elektroniki na mitandaoni. Wengi hukiita wokitoki. Kijana hununua viwili, kimoja akabaki nacho na kingine akampa rafiki yake wa ng'ambo ya mto. Jioni wanaongea. Hakuna kununua salio, hakuna bando, hakuna kutafuta mtandao. Ni raha, na hakuna anayeweza kumlaumu kijana kwa kupenda jambo kama hilo. Tatizo ni kwamba kifaa kile si simu, na anayekitumia kama simu anaweza kuumiza watu asiowaona.

Simu hupitia mlingoti wa kampuni, na kampuni ndiyo inayopanga nani aongee wapi. Wokitoki haina mpangaji. Ukibonyeza kitufe, sauti inatoka moja kwa moja hewani na kila aliye kwenye masafa yale anaisikia. Redio nyingi za aina hii hurusha kutoka megahezi 136 hadi 174, na tena kutoka 400 hadi 520. Ndani ya uwanja huo mpana kuna vipande vidogo vya watu wa redio ya ridhaa, yaani 144 hadi 146, na 430 hadi 440. Sehemu nyingine zina wenyewe: kampuni za ulinzi, viwanda, vyombo vya usalama, mashirika ya dharura, na vyombo vya majini ambavyo huomba msaada kwenye chaneli 16, megahezi 156.8. Kifaa hakijui mpaka. Kikiambiwa kirushe 156.8, kitarusha 156.8.

Tena redio hizi zikiongea mbili kwa wakati mmoja kwenye masafa mamoja, sauti hazichanganyiki kama za watu wawili chumbani. Yenye nguvu zaidi huifuta nyenzake, au zote zinageuka mlio usioeleweka. Na aliyebonyeza kwa mchezo hawezi kujua alichofunika, kwa sababu akiwa anaongea redio yake haisikii kitu. Mvuvi anayezama, au dereva wa ambulensi anayeulizia njia ya kufika kwa mama anayejifungua, ananyamazishwa na mtu anayemuuliza mwenzake kama amekula.

Ndiyo sababu sheria ipo. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, anayetumia mtambo wa kurusha mawimbi ya redio nchini Kenya anahitaji leseni, na inayoshughulikia leseni hizo ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Risiti ya duka si leseni. Kuwa kifaa kinauzwa hadharani si leseni pia. Mamlaka hiyohiyo ndiyo huidhinisha aina za vifaa vinavyoruhusiwa kutumika nchini, na ni busara kuuliza kabla ya kulipa.

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo yafaa jambo hili litenganishwe. Mwenye kampuni ya ulinzi, shamba kubwa au hoteli anayetaka wafanyakazi wake waongee ana leseni yake, ya redio ya kazi, naye hupewa masafa yake. Mwenye chombo cha majini ana yake. Redio ya ridhaa ni mlango wa tatu, wa mtu binafsi anayependa redio kwa ajili ya redio yenyewe: kujifunza, kujaribu antena, kuongea na wenzake karibu na mbali. Haina biashara ndani yake. Wanabodaboda hawawezi kuendesha steji kwa leseni ya ridhaa, wala muuza samaki hawezi kuitumia kuulizia bei. Kanuni za kimataifa pia zinataka mazungumzo yawe ya wazi, si ya kificho.

Badala yake mtu wa ridhaa hupewa kitu ambacho mwenye redio ya kazi hana, nacho ni uhuru wa kuchagua. Ana vipande vingi vya masafa, kuanzia mawimbi mafupi yanayozunguka dunia hadi yale ya kwenda kwenye setilaiti. Anaruhusiwa kutengeneza vifaa kwa mikono yake. Na anapewa alama yake ya wito, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote duniani. Kenya ina herufi zinazoanza na 5Y na 5Z, na watu wa ridhaa wa hapa hujulikana kwa 5Z4 ikifuatwa na herufi zao. Kabla ya uhuru ilikuwa VQ4. Anayesikia 5Z4 hewani, awe Japani au Brazili, anajua sauti hiyo inatoka Kenya.

Lakini kabla ya yote hayo kuna kusikiliza, na hapa ndipo mkazi anashauriwa akae muda mrefu kuliko anavyodhani. Kusikiliza ni rahisi kwa mfuko na hakumfunikii mtu. Mtu aliyesikiliza miezi 6 huanza kuongea akiwa na adabu ya hewani. Aliyenunua leo na kubonyeza leo hujulikana kwa sentensi moja.

Wa kwanza kabisa anaweza kuanza na simu yake. Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi kina kipokezi cha mawimbi mafupi ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua kwa intaneti na kuzungusha masafa kwa kidole, bila malipo. Kinachosikika ni kile kinachofika kwenye antena ya Uholanzi, si ya hapa, lakini kinatosha kufundisha sikio. Kwenye megahezi 14.2 hivi mchana mtu atasikia watu wa ridhaa wakiitana.

Hatua ya pili ni kipokezi cha nyumbani. Redio za kawaida za mawimbi mafupi, zile za baba na babu, hazitoshi. Wanaridhaa hurusha sauti kwa njia inayobana mawimbi ili yaende mbali kwa nguvu kidogo, na redio ya kawaida huitoa kama bata anayeongea. Anayenunua aulize kama redio ina SSB. Mwenye kompyuta ana njia nyingine: kidude kama flashi diski, kilichobuniwa kwa ajili ya televisheni, ambacho kikichomekwa kwenye kompyuta na programu ya bure husikia kutoka megahezi 24 hadi karibu 1,700. Kidude hicho kinapokea tu, hakina namna ya kurusha, na kwa mwanafunzi hiyo ni faida. Neno moja tu: uwezo wa kusikia kila kitu si ruhusa ya kufuatilia mawasiliano ya polisi au ya watu wa kazi. Yaliyo ya ridhaa, ya setilaiti za ridhaa na ya matangazo yanatosha kujaza jioni nyingi.

Kwa mfano, kituo cha kimataifa cha anga, kile chenye wanaanga ndani, hupita juu ya Kenya kila siku, kama kilomita 400 juu. Kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na kila kinapopita mkazi ana dakika zisizozidi 10 za kukisikia. Ndani yake kuna redio ya ridhaa. Sauti za kituo chake cha kurudia husikika kwenye 437.800, ingawa kwa sababu ya kasi yake zinaanza juu kidogo, 437.810, na kuishia 437.790, kama honi ya lori inavyoshuka likishapita. Wanaanga wakiongea na shule, au wakirusha picha, hutumia 145.800. Picha hizo hufika kama milio, na simu yenye programu inayofaa ikiwekwa kando ya redio huzichora mstari kwa mstari. Walimu wa sayansi waliopo wanaweza kufikiria wenyewe darasa litakuwaje siku hiyo.

Kenya nayo imewahi kuwa na sauti yake huko. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo hicho cha anga, na ishara zake zilipokelewa na wanaridhaa wa nchi nyingine kwa antena za juu ya paa.

Kisha kuna setilaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 15, 2018, ambayo wanaridhaa huiita QO-100. Hiyo haipiti. Imesimama mahali pamoja juu ya ikweta, nyuzi 25.9 mashariki, na inasikika kutoka Brazili hadi Thailandi. Kwa mkazi wa Kenya iko karibu utosini, imeinama kidogo upande wa magharibi. Dishi la kawaida la televisheni, pamoja na kile kidude cha kompyuta, yanatosha kuisikia usiku na mchana, bila kusubiri hali ya hewa. Kasoro ni moja: dishi linaloangalia juu namna hiyo hukusanya maji ya mvua kama sufuria, na fundi mwenye akili hulitoboa tundu chini.

Sasa antena. Hapa ndipo pesa kidogo huzaa matunda mengi, na ndipo pia watu huumia.

Antena bora ya kuanzia ni waya. Mtu achukue 300 agawanye kwa megahezi anazotaka. Jibu ni urefu wa wimbi kwa mita. Achukue nusu yake, apunguze kidogo, kama sehemu 5 kwa mia. Kwa megahezi 7.1 inatoka mita 20 hivi, ambazo zinakatwa katikati kuwa mikono miwili ya mita 10. Kwa 14.2 ni mita 10 kwa jumla, kwa 28.4 ni mita 5. Waya wa shaba wa kawaida unafaa. Vishikizo vya mwisho vinaweza kuwa vipande vya plastiki, na kamba ya nailoni ya kuvutia juu ya mti. Katikati ndipo kebo ya redio inapofungwa.

Waya huo wa megahezi 7, hata ukiwa chini kiasi, mita 5 au 6 juu ya ardhi, unafaa sana kwa mawasiliano ya ndani ya nchi mchana. Mawimbi hupanda karibu wima, yakagonga tabaka la juu la hewa lenye umeme, yakarudi chini kama maji ya bomba la kunyunyizia, yakamwagika mamia ya kilomita kila upande. Milima haiyazuii kwa kuwa yanaingia kwa juu. Wokitoki ya megahezi 145 haiwezi hivyo; yenyewe huenda kama macho yanavyoona. Watu wawili kwenye tambarare watasikilizana kilomita chache, lakini aliye kwenye kilima kilichoinuka mita 400 juu ya tambarare hiyo anaweza kufika kilomita 80. Kwa hiyo anayeishi bondeni na kulalamika kwamba redio yake ni mbovu huenda anailaumu bure.

Wakazi wa vijijini wana bahati wasiyoijua. Chaja za simu, balbu za LED za bei rahisi, televisheni na inveta za sola hutoa kelele inayofunika mawimbi dhaifu. Mjini kelele hiyo haikomi. Boma lililo mbali na laini ya stima, lenye redio moja na betri moja ya gari, husikia vitu ambavyo nyumba ya ghorofa yenye vifaa vya bei kali haitavisikia.

Kuhusu usalama, hakuna mjadala. Antena isipite juu ya waya wa stima wala chini yake, hata ule mwembamba wa kuingia nyumbani. Mlingoti usimamishwe mahali ambapo ukianguka upande wowote hauwezi kugusa laini, na nafasi ibaki. Kamba isirushwe kwenye mti ulioshikana na nyaya. Mtu akishika waya unaogusa laini ya kijijini, ambayo mara nyingi ina volti 11,000 au 33,000, hapewi nafasi ya kujifunza. Na kuhusu radi: hasa magharibi ya nchi na nyanda za Kisii na Kericho, ambako ngurumo ni za karibu kila alasiri msimu wa mvua, kebo ichomolewe kwenye redio na mwisho wake utolewe nje ya nyumba kabla mawingu hayajafika. Wakati ngurumo zimeanza si wakati wa kuishika. Anayetoka kazini jioni aichomoe asubuhi kabla ya kuondoka.

Anayefika hapa na bado ana hamu yuko tayari kwa leseni. Kanuni za kimataifa zinaitaka kila nchi ihakikishe kwamba mwenye leseni ya ridhaa anaelewa mitambo na uendeshaji wake, kwa hiyo lazima asome. Ayajue masafa anayoruhusiwa na mipaka yake, umeme wa kiwango cha shule ya upili, jinsi antena inavyofanya kazi, namna ya kutovuruga televisheni ya jirani, na utaratibu wa kuongea. Mosi, ile ya vituo na mistari, si kikwazo tena kama zamani. Mkutano wa kimataifa wa mwaka 2003 uliziachia nchi ziamue zenyewe, na nyingi zimeacha kuitaka. Wanaoipenda bado wanaitumia, maana hupenya pale sauti inaposhindwa. Kuna pia Chama cha Redio ya Ridhaa cha Kenya, ambacho ni mwanachama wa umoja wa kimataifa wa wanaridhaa. Anayeanza akimpata mwanachama mmoja wa kumwelekeza atakuwa ameokoa miezi.

Kuongea kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Mtu husikiliza kwanza. Huuliza kama masafa yanatumika. Asipojibiwa, huita, akitaja alama yake herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa, ile ya Alfa, Bravo hadi Zulu. Kiswahili hakikatazwi, na kwa mkazi anayeongea na mwenzake wa Tanzania ndicho kinachofaa. Saa huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Wanaohesabu saa kwa Kiswahili wana njia ya mkato: kuanzia asubuhi hadi jioni, waongeze tatu. Saa tatu asubuhi ni 0600, saa sita mchana ni 0900.

Swali ambalo wazee huuliza kila mara ni faida. Jibu la kweli ni kwamba siku nyingi haina faida ila furaha na elimu, kama bao au kupanda maua. Lakini zipo siku nyingine. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kila aliyekuwa na simu alianza kuhesabu asilimia za betri. Milingoti ya simu nayo hutegemea betri na jenereta, na mafuriko hukata barabara ya kuifikia. Wazee wa kaskazini wanakumbuka pia redio za AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa 1957: zilikuwa za mawimbi mafupi, na kwa miaka mingi hospitali za misheni zilizo mbali hazikuwa na njia nyingine ya kumwita daktari.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Desemba 2004 mwanaridhaa wa India, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair katika Visiwa vya Andaman pamoja na wenzake. Walikwenda kwa shughuli ya ridhaa tu, kuongea na dunia kutoka visiwa ambavyo havikuwa vimesikika hewani kwa miaka. Desemba 26 tsunami ikapiga. Simu zikakatika. Redio zilizokuwa za burudani zikageuka njia ya kupeleka habari za waliosalimika kwa jamaa zao bara. Mawimbi yaleyale yalifika pwani ya Kenya saa kadhaa baadaye, na mtu mmoja alifariki.

Hilo halimfanyi mwanaridhaa kuwa kikosi cha uokoaji. Palipo na mtandao, dharura hupigiwa 999 au 112. Mtu wa redio hufaa pale namba hizo hazipatikani, na hufaa tu ikiwa antena yake ilishafungwa, betri yake imejaa, na wenzake wanaijua sauti yake kwa sababu huwaita kila wiki.

Maelezo ya masharti, fomu na ada za leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, makao makuu yake yakiwa Waiyaki Way, Nairobi, na pia kwenye ofisi zake za kanda zilizoko Mombasa, Kisumu, Eldoret na Nyeri. Anayemiliki tayari kifaa cha kurusha na hana leseni aulize huko kabla ya kukitumia tena, na kwa sasa atoe betri.